Johnson yupi? Ulinganisho kwa anayetaka kusoma maisha ya mmoja wao

Andika jina Johnson kwenye intaneti uone umati utakaoletewa: marais wawili wa Marekani, waziri mkuu wa Uingereza, rais wa Liberia, bondia, wakimbiaji wawili, mcheza kikapu, mtaalamu wa hesabu wa NASA (shirika la anga za juu la Marekani), na watunga kamusi wawili, mmoja wa Kiingereza na mwingine wa Kiswahili chetu hiki. Jina hilo limeenea mno kwa Waingereza na kote walikolipeleka, kwa hiyo kulitumia si dalili ya undugu. Katherine wa NASA alilipata kwa ndoa ya pili, mwaka 1959. Ellen wa Liberia alilirithi kwa baba yake, mtoto wa chifu wa kabila la Wagola, ambaye alipewa jina hilo alipopelekwa kulelewa Monrovia, kwa heshima ya rais Hilary Johnson wa nchi hiyo.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mwalimu, mzazi au kiongozi wa klabu ya usomaji anayetaka kumchagua mmoja tu na kukaa naye muhula mzima au likizo nzima. Mara nyingi uchaguzi wa namna hii hufanywa kwa umaarufu, na matokeo yake tunayajua: mwanafunzi ananakili tarehe ya kuzaliwa, tuzo tatu na tarehe ya kufa, anapata alama zake, halafu basi. Mimi natumia maswali mengine. Je, kazi ya mtu huyu inaweza kuwekwa mezani vijana wakaikagua wenyewe? Maamuzi yake yaligharimu nini, na nani aliyelipa? Na je, kuna uzi wa kweli unaofika kwetu, au tutalazimika kuusokota?

Katherine na Magic: kwa vijana wa kidato cha kwanza hadi cha tatu

Katherine Johnson alizaliwa mwaka 1918 White Sulphur Springs, West Virginia. Kaunti yao haikuwa na shule ya watoto weusi kupita darasa la nane, hivyo kila msimu wa masomo familia ilihamia mji wa Institute ili watoto waendelee. Alimaliza chuo mwaka 1937 akiwa na miaka 18, amesomea hisabati na Kifaransa. Akafundisha shule, akalea watoto watatu, na mwaka 1953 akaingia kituo cha utafiti wa anga cha Langley, Virginia, katika kitengo cha wanawake weusi waliofanya hesabu za wahandisi kwa mkono na kwa mashine za mezani. Mkuu wa kitengo alikuwa Dorothy Vaughan. Mwaka 1960 jina la Katherine lilitokea kwenye ripoti aliyoandika na mhandisi Ted Skopinski, inayoonyesha jinsi ya kupata pembe ya kurushia chombo ili kije kupita juu ya mahali palipochaguliwa duniani. Katika idara yao hakuna mwanamke aliyekuwa ametajwa kuwa mwandishi wa ripoti kabla yake. Ripoti yenyewe inasomeka bure kwenye hifadhi ya NASA, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kumpendekeza: kazi yake ipo, si sifa tu.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu ndani ya chombo kiitwacho Friendship 7. Njia yake ilikuwa imekokotolewa na kompyuta za IBM, ambazo wakati huo zilikuwa bado ngeni na zikikorofisha mara kwa mara. Kabla ya safari Glenn aliomba Katherine azirudie hesabu zile kwa mkono, na akasema kwamba yeye akiridhika, yuko tayari kuondoka.

Sasa fika kwetu. NASA ilikuwa na mlolongo wa vituo vya kufuatilia chombo hicho duniani kote, na kimojawapo kilikuwa Unguja, eneo la Tunguu. Glenn alipokatiza bara la Afrika alizungumza kwa redio na kituo cha Kano, Nigeria, kisha na Zanzibar, kabla ya kuingia gizani juu ya Bahari ya Hindi. Kituo kile kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Hapo mwalimu ana kipindi kizima bila kununua chochote. Mzunguko mmoja wa Friendship 7 ulichukua kama dakika 88 na nusu. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa. Kwa dakika 88 na nusu itakuwa imezunguka kama nyuzi 22. Unguja iko karibu na nyuzi 39 mashariki. Kwa hiyo chombo kikipita juu ya Unguja, kikimaliza duara na kurudi kwenye latitudo ileile, hakiikuti Unguja chini yake. Kinakuta nyuzi 17 mashariki, ambako ni magharibi ya Congo, upande wa Kwango. Waambie wanafunzi wachukue atlasi ya shule, wapime wenyewe, halafu watafute mzunguko wa tatu utaangukia wapi. (Watajikuta baharini, Atlantiki.) Mtoto aliyefanya hesabu hiyo kwa penseli ameshaonja alichokuwa akifanya Katherine, na huhitaji kumwambia kwamba mama yule alikuwa na akili.

Kasoro ya kumchagua ni moja. Simulizi zinazovuma humfanya aonekane kana kwamba alirusha roketi peke yake. Yeye mwenyewe, hadi uzee wake, alisisitiza kwamba ilikuwa kazi ya timu. Mwalimu asimfundishe Katherine bila Vaughan, bila Skopinski, na bila kueleza kwamba pale Langley mwanzoni wanawake weusi walikuwa na ofisi yao ya kando, vyoo vyao na meza yao kantini. Alistaafu mwaka 1986, akapewa Nishani ya Rais ya Uhuru mwaka 2015, akafariki mwaka 2020 akiwa na miaka 101.

Magic Johnson, ambaye jina lake hasa ni Earvin, ndiye vijana watamtaka kwanza. Bingwa mara tano na Lakers, timu ya kikapu ya Los Angeles. Mwaka 1980, katika mchezo wa sita wa fainali, akiwa msimu wake wa kwanza, alichukua nafasi ya kati badala ya Kareem Abdul-Jabbar aliyeumia na akafunga pointi 42. Lakini siku ya kusoma kwa makini ni 7 Novemba 1991, aliposimama mbele ya waandishi wa habari na kutangaza kwamba ana virusi vya Ukimwi na anaacha mpira. Ukimchagua, usimweke peke yake. Mwaka 1989, miaka miwili kabla yake, mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza Uganda na kusema wazi kwamba ana Ukimwi, akatumia nguvu zake za mwisho kuzunguka mashuleni na makanisani kuzungumza na watu. Lutaaya alifariki mwaka huohuo. Magic yu hai hadi leo. Tofauti ya wawili hao si ujasiri: dawa mseto zilianza kutumika nchi tajiri kuanzia mwaka 1996, na kwa wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki zilifika katika miaka ya 2000. Kwa somo la afya au la uraia, Magic na Lutaaya pamoja ni chaguo zuri sana. Kwa kipindi cha jumla, Katherine anamzidi.

Samuel na Frederick: kwa anayependa lugha

Hawa wawili huwa nashangaa hawawekwi pamoja mara nyingi zaidi.

Samuel Johnson, mtoto wa muuza vitabu wa Lichfield, alizaliwa mwaka 1709. Aliingia Oxford, akakaa muda wa mwaka na kidogo, karo ikamshinda, akatoka. Mwaka 1746 kundi la wachapishaji wa London lilimkabidhi kazi ya kutunga kamusi ya Kiingereza kwa malipo ya gini 1,500, sarafu ya Uingereza ya wakati huo. Alidhani itachukua miaka mitatu; ilitoka tarehe 15 Aprili 1755. Ina vidahizo, yaani maneno yanayoelezwa, zaidi ya 42,000 na mifano ya matumizi inayozidi 100,000.

Namna alivyofanya kazi ndiyo inayonivutia. Alikuwa akisoma vitabu vya wengine, vingi vya kuazima, na kila alipokuta neno lililotumika vizuri alilipigia mstari kwa penseli, kisha akaandika herufi yake ya kwanza pembeni mwa ukurasa. Kitabu kikienda kwa wasaidizi wake sita waliokaa darini katika nyumba ya Gough Square, wao walinakili sentensi nzima kwenye karatasi ndogo na kuipanga kwa alfabeti. Waliomwazima vitabu walirudishiwa vikiwa vimechorwachorwa. Kazi hii inaweza kuigwa darasani kesho: toa gazeti la Kiswahili, kila mmoja achague neno moja, atafute sentensi tano halisi zinazolitumia, ndipo aandike maana yake. Watagundua kwamba maana inatokana na sentensi, na kwamba neno wanalodhani wanalijua lina pande nne.

Samuel ana uzi mwingine unaofika huku. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1735, ni tafsiri ya safari za padri Mreno Jerónimo Lobo nchini Ethiopia, na mwaka 1759 aliandika hadithi ya mwana wa mfalme wa Uhabeshi anayetoka bondeni kutafuta jinsi mtu anavyoweza kuishi kwa furaha. Afrika hakuwahi kuikanyaga. Ethiopia yake ni ya kufikirika, na inafaa isomwe hivyo. Nyumbani kwake aliishi Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaica. Johnson alimpeleka shule, na alipofariki mwaka 1784 alimwachia sehemu kubwa ya mali yake. Alichukia utumwa waziwazi wakati ambapo London ilikuwa ikitajirika nao.

Frederick Johnson hana sanamu wala jumba la makumbusho, ila kila anayeandika Kiswahili sanifu anamgusa kila siku. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na Frederick akawa katibu wake wa kwanza. Kazi ya kamati ilikuwa kusawazisha tahajia, kukagua vitabu vya shule na kuandaa kamusi. Alitafsiri hadithi kadhaa za Kiingereza ili watoto wapate cha kusoma, akatoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935, na akaziandaa zile kamusi mbili kubwa, Kiswahili kwa Kiingereza na Kiingereza kwa Kiswahili, akijenga juu ya kazi ya Madan, mmisionari aliyekusanya maneno Zanzibar miaka ya 1890. Frederick alifariki mwaka 1937. Kamusi zilitoka mwaka 1939, naye hakuziona.

Ukiifungua ile ya Kiswahili kwa Kiingereza kwenye kitenzi pika, utakuta pikia, pikika na pikisha zimekaa chini yake kama ukoo mmoja. Huwezi kuitumia vizuri kama hujui mzizi wa neno, na ndiyo sababu inawasumbua wanaojifunza na kuwanufaisha wanaoijua lugha. Mpangilio ule umeziongoza kamusi nyingi zilizofuata.

Tofauti yao kubwa ni hii. Samuel aliandika kamusi ya lugha aliyonyonya kwa mama yake, na alipokosea alikosea ndani ya nyumba yake. Frederick aliamua, pamoja na kamati ambayo kwa miaka mingi ya mwanzo haikuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika, lipi liwe sanifu na lipi libaki pembeni katika lugha ya watu wengine. Kiamu na Kimvita, lahaja zilizobeba tenzi na mashairi ya karne nyingi, zikawa za pembeni. Wapo wanaosema bila uamuzi ule tusingekuwa na lugha inayoeleweka kuanzia Kisumu hadi Songea, na wapo wanaosema tulipoteza utajiri usiokadirika. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, na kwa sababu hiyohiyo Frederick ni bora kuliko Samuel kwa msomaji wa Kiswahili: bado hatujamalizana naye. Kamati yake ndiyo iliyokuja kuwa taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 na sasa inaitwa TATAKI. Weka kamusi hiyo kando ya ile ya 1939, tafuta maneno kumi ya chakula au ya bahari, uone nini kimeongezwa, nini kimetoka, na nani sasa anatoa maana.

Ugumu wake ni kwamba maisha yake binafsi hayajaandikwa sana. Anayetaka simulizi ya mtu, vituko vyake, hasira zake na marafiki zake, amchukue Samuel, maana rafiki yake James Boswell aliyaandika kwa mapana mwaka 1791.

Andrew, Lyndon na Ellen: kwa klabu ya midahalo

Mfanano wa marais wawili wa Marekani unatisha kidogo. Andrew Johnson alizaliwa 1808, Lyndon Johnson 1908. Wote wa majimbo ya kusini, wote makamu wa rais, wote wakaingia Ikulu kwa sababu rais ameuawa: Lincoln mwaka 1865, Kennedy mwaka 1963. Na wote wawili wakakuta mezani swali lilelile, la haki za Wamarekani weusi.

Andrew, fundi cherehani ambaye hakuwahi kusoma shule, alikuta watumwa ndiyo kwanza wameachwa huru. Baadhi yao walikuwa wamegawiwa ardhi ya pwani kwa amri ya Jenerali Sherman; yeye akairudisha ardhi hiyo kwa mabwana wa zamani. Mwaka 1866 alikataa kuitia saini sheria ya haki za kiraia, Bunge likaipitisha bila yeye. Mwaka 1868 akashtakiwa bungeni na akaponea kwa kura moja: maseneta 35 walimtia hatiani, 19 wakamwachia, na zilihitajika 36. Yupo anayemkumbuka kwa kununua Alaska kwa dola milioni 7.2, na ni kweli, lakini kwa waliorudishiwa umaskini wao hilo halikuwa na msaada.

Lyndon alikuwa mwalimu. Mwaka 1928 alifundisha Cotulla, Texas, shule ya watoto wa Kimeksiko waliofika darasani na njaa. Machi 1965, siku chache baada ya polisi kuwapiga waandamanaji weusi kwenye daraja la Selma, Alabama, alisimama mbele ya Bunge akawataja watoto wale wa Cotulla na kuomba sheria ya kulinda haki ya kupiga kura. Alikuwa ameshasaini Sheria ya Haki za Kiraia tarehe 2 Julai 1964; ya kura akaisaini tarehe 6 Agosti 1965. Oktoba mwaka huo akasaini sheria ya uhamiaji iliyofuta mgao uliowapendelea Wazungu wa kaskazini mwa Ulaya. Jamaa zetu wengi walioko Minnesota, Texas na Maryland walipita kwenye mlango uliofunguliwa siku ile.

Lakini mtu huyohuyo alipeleka vijana Vietnam. Mwishoni mwa mwaka 1963 Marekani ilikuwa na washauri wa kijeshi kama 16,000 huko. Mwaka 1968 askari wake walizidi 500,000. Na Novemba 1964 ndege zake zilibeba makomando wa Ubelgiji hadi Stanleyville, Kisangani ya leo, kuwaokoa mateka wa kizungu waliokuwa mikononi mwa waasi wa Simba, huku maelfu ya Wakongo wakifa katika vita vile bila ndege ya kuwaokoa. Viongozi kadhaa wa Afrika walilaani operesheni hiyo. Kwa wasomaji wa Congo na Kigoma hili si jambo la mbali hata kidogo. Wapo wazee wanaolikumbuka.

Sijui mwanasiasa mwingine mwenye jina hili anayefaa zaidi kwa mdahalo. Ukimsifu unakuta Vietnam, ukimlaani unakuta Selma. Andrew anafaa kuwa kioo cha kumpimia, si zaidi. Peke yake anachosha, kwa kuwa katika jambo kubwa la zama zake alichagua upande mbovu na akang'ang'ania.

Ellen Johnson Sirleaf nimeshindwa kumweka mahali pengine. Alizaliwa Monrovia mwaka 1938, akaolewa akiwa na miaka 17, akaja kusoma Harvard, akafungwa mwaka 1985 kwa kuikosoa serikali ya Samuel Doe, na Januari 2006 akaapishwa kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuongoza nchi ya Afrika. Mwaka 2011 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Leymah Gbowee na Tawakkol Karman. Aliikuta Liberia imebomolewa na vita, akasamehewa madeni ya mabilioni ya dola, akapambana na Ebola mwaka 2014, na Januari 2018 akakabidhi madaraka kwa George Weah kwa amani. Upande wa pili: tume ya ukweli na maridhiano ilipendekeza mwaka 2009 azuiwe kushika wadhifa kwa miaka 30 kwa sababu ya kumuunga mkono kiongozi wa waasi, Charles Taylor, mwanzoni mwa vita, na wengi walimlaumu kwa kuwapa wanawe vyeo. Kwa wasichana wanaotaka siasa, yeye anampita Lyndon kwa ukaribu wa mazingira. Kwa wingi wa kumbukumbu zilizo wazi, Lyndon anampita, maana hata mazungumzo yake ya simu Ikulu yalirekodiwa na leo yanasikilizwa na yeyote.

Ben na Michael: msiwatenganishe

Tarehe 24 Septemba 1988, Seoul. Ben Johnson, mzaliwa wa Falmouth, Jamaica, aliyehamia Canada, alimaliza mita 100 kwa sekunde 9.79 na kunyoosha kidole juu kabla ya kufika mstari. Baada ya siku tatu hakuwa na medali: vipimo vilikuta stanozolol, dawa ya kujenga misuli. Dhahabu ikaenda kwa Carl Lewis. Uchunguzi wa serikali ya Canada mwaka uliofuata ulionyesha kwamba hakuwa peke yake; kocha alijua, daktari alijua, na mfumo uliwaacha. Mwaka 1993 alikutwa tena na dawa na akafungiwa kushindana maisha yake yote.

Michael Johnson, wa Dallas, alikimbia wima, magoti chini, hatua fupi, tofauti kabisa na makocha wanavyofundisha. Atlanta, mwaka 1996, akiwa na viatu vya rangi ya dhahabu, alishinda mita 400 kwa 43.49 na mita 200 kwa 19.32, mwanamume wa kwanza kushinda zote mbili katika Olimpiki moja. Rekodi yake ya mita 400, sekunde 43.18 ya mwaka 1999, ilidumu hadi 2016.

Ningekuwa nachagua kwa ajili ya timu ya riadha ya Iten au Arusha, nisingesoma mbio hizo kwanza. Ningesoma mwaka 2008. Mwenzake katika kupokezana vijiti kule Sydney, mwaka 2000, alikiri kwamba alikuwa akitumia dawa, na Michael, ambaye hakutuhumiwa chochote, akasema medali ile ya dhahabu haikupatikana kwa haki na akairudisha. Wakenya kadhaa wamefungiwa kwa dawa katika miaka ya karibuni, na kijana anayeanza mazoezi leo atakutana na mtu wa kumnong'oneza. Kisa cha Ben kinamwonyesha jinsi mtego unavyotegwa na wanaomzunguka; kisa cha Michael kinamwonyesha kwamba mtu anaweza kuirudisha dhahabu na bado akabaki Michael Johnson. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Jack Johnson, bondia wa Galveston, anastahili kutajwa kwa kidato cha tano na sita. Wazazi wake walizaliwa utumwani. Desemba 1908, Sydney, akawa mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Julai 1910, Reno, alimpiga James Jeffries, na usiku huo watu weusi walishambuliwa miji mingi ya Marekani kwa sababu ya ushindi huo. Mwaka 1913 alihukumiwa kwa sheria iliyogeuzwa kuwa fimbo ya kumpiga kwa kupenda wanawake wa kizungu, akaikimbia nchi, akarudi mwaka 1920 na kufungwa. Msamaha ulikuja mwaka 2018, miaka 72 baada ya kifo chake. Maisha yake yana ukatili nyumbani pia, na kwa watoto wadogo simshauri mtu.

Boris Johnson mwache kwanza. Alikuwa waziri mkuu kuanzia 2019 hadi 2022, akaitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, lakini matokeo ya uamuzi huo bado yanaendelea kujitokeza, na mwanafunzi atabaki na makelele ya magazeti kuliko kazi ya kuikagua.

Kama ni kuchagua leo

Kikundi kinachoanza, chenye vijana wa umri mchanganyiko: Katherine. Kazi yake inapimika kwa penseli, Unguja imo ndani yake bila kulazimishwa, na hata asiyependa hesabu atapata cha kusema kuhusu ile ofisi ya kando.

Walimu wa Kiswahili, waandishi na wanafunzi wa chuo: Frederick, na Samuel awe wa kumlinganishia. Ukipata nakala ya kamusi ya 1939 kwenye maktaba, anza na dibaji, usianze na maneno. Humo ndimo utaona kazi ilivyotoka mkono mmoja hadi mwingine.

Klabu ya midahalo iliyokwisha kuzoea kubishana kwa ushahidi: Lyndon, na gawanya kundi mara mbili kabla ya kusoma, wa Selma na wa Vietnam, halafu katikati ya muhula wabadilishane pande. Wakimaliza na bado wana hamu, Ellen ndiye wa kufuata, na safari hii waanzishe wao wenyewe orodha ya mashtaka na ya utetezi kwa kusoma ripoti ya ile tume.